Kiwango Kisichotoa Cheti

"Tukikifuata hiki kiwango, mwishowe tunapata cheti gani?" Swali hilo huulizwa karibu katika kila kikao ambacho watunza kumbukumbu wanaiomba menejimenti iwaruhusu kuipanga masjala upya kwa kufuata ISO 15489. Wakati mwingine anayeuliza ni mkurugenzi, wakati mwingine ni mhasibu mkuu anayetaka kujua fedha zinakwenda wapi. Jibu ni fupi: hakuna cheti. Kiwango hicho, ambacho wataalamu wa kumbukumbu duniani wanakichukulia kama msingi wa fani yao, kiliandikwa kiwe mwongozo. Hakuna mkaguzi atakayekuja kuipima taasisi kwacho na kuiachia fremu ya kutundika mapokezi. Jibu hilo likishatolewa, mara nyingi hoja huahirishwa hadi bajeti ijayo.

Uamuzi huo wa kuahirisha naupinga, na safu hii nzima ni ya kueleza kwa nini. Taasisi ya Afrika Mashariki inayokishika kiwango hiki kwa hiari, bila kumlipa mtu wa nje aje kuithibitisha, inapata karibu kila kitu chenye thamani kilichomo. Kwa taasisi nyingi, hasa zile ndogo, kukosekana kwa cheti ni nafuu: nguvu yote inabaki kwenye majalada yenyewe.

Kwanza tujue kilikotoka. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, Australia ilitikiswa na kashfa zilizohusu serikali za majimbo na taasisi za fedha. Tume za uchunguzi zilipoanza kazi, zilikutana na majalada yaliyopotea, mengine yaliyoteketezwa, na maamuzi makubwa ambayo hayakuwahi kuandikwa mahali popote. Wataalamu wa huko wakakaa chini na kuandika kiwango chao cha taifa, AS 4390, kilichotoka mwaka 1996. Shirika la Kimataifa la Viwango likakitumia kama msingi, na mwaka 2001 likatoa ISO 15489. Toleo jipya lilikuja mwaka 2016, kwa kuwa kazi za ofisi zilikuwa zimeshahamia kwenye kompyuta na simu. Ni kitabu chembamba, na lugha yake ni ya ushauri kuanzia mwanzo hadi mwisho: inafaa kufanya hivi, inafaa kuandika vile.

Anayetaka masharti badala ya ushauri ana kiwango kingine cha familia hiyo hiyo, ISO 30301, kilichotoka mwaka 2011 na kurekebishwa mwaka 2019. Hicho ndicho taasisi inaweza kukaguliwa nacho na kupewa cheti. Hata hivyo, waandishi wake hawakufunga mlango kwa asiyetaka cheti. Taasisi inaweza kujipima yenyewe na kutangaza kwamba imetimiza masharti, au kumwomba mtu wa nje athibitishe tamko hilo, au kwenda hadi mwisho na kutafuta cheti rasmi. Kujipima kwa hiari, basi, ni njia inayokubalika ndani ya kiwango chenyewe.

Sasa tuingie masjalani, kwa sababu mjadala huu ukibaki kwenye namba za viwango hauna maana kwa mtu yeyote.

ISO 15489 inataka kumbukumbu iwe na sifa nne. Iwe halisi, yaani iwe kweli ndicho kitu kinachodaiwa kuwa, na imeandikwa na aliyetajwa kuwa aliiandika. Iwe ya kuaminika: yaliyomo yaeleze kwa usahihi kilichotokea. Iwe kamili, isiwe imeguswa wala kupunguzwa bila idhini. Na iweze kutumika: ipatikane, isomeke, ieleweke inahusu kazi gani. Mtu akizisoma haraka ataziona kama maneno ya kitabuni. Karani yeyote wa masjala, hata hivyo, ameshaziona zikivunjwa, na mahali pa kawaida kabisa zinapovunjwa ni kwenye jalada la muda.

Mtumishi ameandika barua ya kuomba likizo. Karani anakwenda rafuni kutafuta jalada lake binafsi, halipo. Kadi ya mwendo wa majalada inaonyesha lilitoka muda mrefu uliopita kwenda kwa afisa ambaye sasa amehamishiwa mkoa mwingine. Barua haiwezi kukaa mezani. Karani anachukua jalada jipya, anaandika juu yake kwa kalamu nene JALADA LA MUDA, analipa namba ile ile, na folio zinaanza upya kutoka moja. Barua ya likizo inaingia. Mwezi unaofuata inaingia barua ya kupandishwa daraja, kisha ya uhamisho. Siku moja jalada la zamani linaibuka kutoka kwenye kabati la ofisi fulani, na badala ya kuunganishwa na mwenzake linarudishwa rafuni kama lilivyo. Kuanzia hapo mtumishi mmoja ana maisha mawili ya kazi, kila moja lina nusu ya ukweli, na hakuna alama kwenye lolote inayomwambia msomaji kwamba jingine lipo.

Madhara huonekana mtumishi anapostaafu. Barua ya kuthibitishwa kazini iko kwenye jalada moja, barua ya mshahara wa mwisho iko kwenye jingine, na anayekokotoa mafao analo moja tu mkononi. "Mzee wangu, rudi wiki ijayo, bado tunaitafuta barua yako," anaambiwa, naye anapanda tena basi kurudi kijijini. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyekusudia ubaya. Utaratibu wa kufungua jalada la muda ulikuwepo, na utaratibu wa kulifunga haukuwepo.

Hapa ndipo ninapoona thamani ya kiwango kisicho na cheti. Kinamuuliza mkuu wa masjala maswali ambayo hakuna mtu mwingine ofisini atamuuliza: unajuaje kwamba jalada hili ni kamili? Nani aliligusa mara ya mwisho, na hilo limeandikwa wapi? Likigawanyika, nani atajua? Akiyachukua maswali hayo kwa uzito, atafikia suluhisho mwenyewe, na litakuwa rahisi. Atafungua rejesta ya majalada ya muda. Kila moja litaandikwa tarehe ya kufunguliwa na tarehe ya mwisho ya kutafuta la awali. Kila mwisho wa mwezi rejesta itapitiwa, na jalada la awali likipatikana yataunganishwa, folio zitapangwa upya, na dokezo litaandikwa ndani kueleza kilichofanyika. Gharama yake ni daftari moja na nidhamu.

Sifa ya pili, ya kuaminika, iliipatia Tanzania somo zito mwaka 2017. Aprili mwaka huo Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, iliyoonyesha watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Mjadala wa wakati ule ulikuwa juu ya watu: nani afukuzwe, nani aonewe huruma. Wako waliokata rufaa na baadhi majina yao yakasafishwa. Mimi nilibaki nikiyafikiria majalada. Kwa mtazamo wa masjala, majalada hayo yalikuwa mazuri. Nakala ya cheti ilikuwemo, imetobolewa na kufungwa mahali pake, imepewa folio. Mkaguzi wa taratibu angeuliza kama kila mtumishi ana nakala ya cheti jaladani, angejibiwa ndiyo, na angeridhika. Kilichokosekana ni kitendo cha siku ile karatasi ilipopokelewa: kuna aliyeilinganisha na kumbukumbu za anayetoa vyeti? Uhakiki ulipofanyika hatimaye, ulisimama juu ya kumbukumbu za Baraza la Mitihani la Tanzania, chombo kilichoundwa mwaka 1973 ambacho kilikuwa kimetunza matokeo ya mitihani kwa miongo kadhaa. Kumbukumbu zilizotunzwa vizuri mahali pamoja zikaumbua maelfu ya karatasi zilizopangwa vizuri mahali pengine.

Kiwango kinasema kumbukumbu ya kuaminika hutengenezwa wakati tukio linapotokea, au karibu sana na hapo, na mtu anayelijua jambo lenyewe au na mfumo ambao kazi hiyo hufanyika ndani yake. Ofisi ya rasilimali watu iliyousoma ushauri huo kwa makini ingeongeza mstari mmoja kwenye fomu ya ajira: nakala imelinganishwa na nani, tarehe ngapi, kwa kuuliza wapi.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Wenzangu kadhaa wa Kenya wananiambia: bila cheti bosi hatoi hata shilingi. Kenya ilianzisha mikataba ya utendaji katika mashirika ya umma mwaka 2004, na baadaye cheti cha ISO 9001, kile cha mifumo ya ubora, kikawa miongoni mwa vigezo vya kupimia taasisi. Vyuo, mashirika na wizara vikakimbilia kuthibitishwa, na nembo ikapanda kwenye barua rasmi. Kwa kuwa ISO 9001 inadai ushahidi wa maandishi wa kazi zinazofanyika, watunza kumbukumbu waliokuwa wamesahauliwa ghorofa ya chini wakaanza kualikwa kwenye vikao. Zipo masjala zilizopata makabati, watumishi na rangi mpya ya ukuta kwa sababu tu mkaguzi alikuwa njiani. Faida hiyo siidharau.

Lakini tazama kazi inavyokuwa. Cheti cha aina hiyo hudumu miaka mitatu, na katikati kuna ukaguzi wa ufuatiliaji kila mwaka. Mkaguzi ana siku chache. Anachukua sampuli na kuangalia kama unafanya ulichoandika kwamba unafanya. Basi juma moja kabla hajafika, taratibu zinachapishwa upya, lebo zinabandikwa, rejesta zilizoachwa wazi miezi minne zinajazwa kwa mkupuo kwa kalamu ya rangi moja. Kila mtu aliyefanya kazi ofisini ameyaona haya. Kumbukumbu iliyojazwa leo kwa tarehe za miezi minne iliyopita imepoteza sifa ya kuaminika, na imeipoteza kwa sababu ya ukaguzi uliokusudiwa kuilinda. Shinikizo la kuonekana limeshinda sababu ya kuandika.

Mfano mkubwa zaidi uko Marekani. Arthur Andersen ilikuwa moja ya kampuni tano kubwa kuliko zote duniani za ukaguzi wa hesabu. Kazi yake ilikuwa kuwathibitishia watu kwamba hesabu za wengine ni za kuaminika. Ilikuwa na sera ya maandishi kuhusu nyaraka za kutunza na za kuharibu. Oktoba 2001, kampuni ya Enron, mteja wake, ilipoanza kuchunguzwa, wafanyakazi wa Andersen walikumbushwa kuifuata sera hiyo, na mashine za kuchana karatasi zikafanya kazi usiku na mchana. Juni 2002 kampuni ilitiwa hatiani kwa kuzuia haki. Mahakama ya Juu ya Marekani iliitengua hukumu hiyo mwaka 2005, kwa kasoro za maelekezo yaliyotolewa kwa baraza la wazee wa mahakama, lakini kampuni ilikuwa imeshakufa. Sera ilikuwepo, na waliokuwa wakiisimamia walikuwa wakaguzi wa kulipwa. Swali ambalo halikuulizwa kwa sauti ndani ya ofisi zile ni la kwanza kabisa katika kitabu cha kumbukumbu: ushahidi huu ni wa kazi gani, na nani anaweza kuuhitaji kesho?

Na kwetu hapa kuna kisa ambacho kila mtunza kumbukumbu wa Afrika Mashariki angepaswa kukijua kama anavyojua alfabeti. Waingereza walipokuwa wakijiandaa kuondoka Kenya, kuanzia mwaka 1961, masjala zao zilipewa kazi ya kuyagawa majalada mafungu mawili: yale ambayo serikali ya Waafrika ingeachiwa, na yale ambayo haikutakiwa kujua kwamba yamewahi kuwepo. Haya ya pili yalipigwa muhuri wa herufi W. Aliyeruhusiwa kuyashika ni ofisa aliye raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya, basi. Jalada likiondolewa rafuni, maelekezo yalitaka jingine bandia lichukue nafasi yake ili pengo lisionekane. Mengine yalichomwa moto, na uteketezaji huo ukathibitishwa kwa maandishi kwenda kwa wakubwa. Mengine yakapakiwa na kupelekwa Uingereza.

Utaratibu ule ulikuwa wa hali ya juu. Kila jalada lilijulikana, kila hatua ilikuwa na mhusika wake, na uteketezaji uliidhinishwa na kuandikwa. Mkaguzi anayelinganisha maelekezo na utekelezaji angeipa masjala ile alama za juu.

Yaliyosafirishwa yaliishia katika hifadhi ya serikali huko Hanslope Park, na kwa karibu nusu karne umma haukuambiwa kwamba yapo. Serikali ya Uingereza ilikiri mwaka 2011, ikiwa mahakamani London, ikishtakiwa na wazee wa Kenya waliofungwa na kuteswa wakati wa Mau Mau. Oktoba 2012 Jaji Richard McCombe aliamua kwamba kesi za Jane Muthoni Mara, Paulo Nzili na Wambugu wa Nyingi ziendelee, ingawa matukio yalikuwa ya miaka ya 1950. Uingereza ilidai kwamba muda umepita mno kiasi kwamba haki haiwezi kutendeka. Jaji alitazama wingi wa nyaraka zilizokuwepo na kuona kwamba inaweza. Juni 2013 serikali hiyo ilitangaza malipo ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama, kwa ajili ya wadai 5,228.

Kisa hiki kina mambo mawili ninayoyashikilia. La kwanza ni kwamba mahakamani hakuna aliyeuliza masjala ya kikoloni ilithibitishwa na nani. Kilichopimwa ni nyaraka zenyewe: zimetoka wapi, zimeandikwa na nani, zinasema nini. La pili ni zito zaidi. Utaratibu safi unaweza kuitumikia dhamira chafu, na ukaguzi wa utaratibu hauwezi kuigundua. ISO 15489 inaanza kwa kueleza kumbukumbu kama taarifa inayotunzwa kwa ajili ya ushahidi na kama mali, na inarudi mara kwa mara kwenye uwajibikaji. Ukiusoma msingi huo kwa hiari, umeupokea kama wajibu wako kwa watu ambao kazi yako inawagusa. Ukiufikia kwa njia ya orodha ya mkaguzi, ni rahisi mno kuuruka na kwenda moja kwa moja kwenye lebo na makabati.

Je, hiari haiwezi kugeuka uzembe? Inaweza, na imegeuka mara nyingi. Taasisi inasema "sisi tunafuata viwango vya kimataifa" na ukiomba waraka mmoja wanatafuta siku tatu. Hapo ndipo lazima tuutofautishe ulazima na ujuzi. Ulazima tunao tayari, na unatoka kwenye sheria. Tanzania ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, inayomfanya mkuu wa kila ofisi ya umma awajibike kwa kumbukumbu zake. Kenya ina sheria yake ya nyaraka za umma tangu 1965. Sheria za kodi za nchi zote mbili zinamtaka mlipa kodi atunze nyaraka kwa miaka mitano. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinakataza kuzishikilia taarifa za watu kuliko inavyohitajika. Baadhi ya sheria hizi zinasema tunza, na nyingine zinasema teketeza; hakuna hata moja inayomweleza karani jinsi ya kuamua lipi ni lipi Jumatatu asubuhi. Kiwango ndicho kinachomfundisha kuandaa mwongozo wa muda wa kutunza na kuteketeza, kila aina ya kumbukumbu na muda wake, sababu yake na mwenye kuidhinisha. Macho ya nje nayo yapo: kwa Tanzania, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inakagua ofisi za umma, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimejaa malipo yasiyo na viambatisho. Kila hati ya malipo isiyo na kiambatisho ni hoja ya masjala kabla ya kuwa hoja ya uhasibu.

Sipingi cheti pale kinapostahili. Kampuni inayolipwa kutunza maboksi ya benki au seva za hospitali inafaa ithibitishwe, kwa kuwa mteja hawezi kwenda kila siku kuhesabu maboksi yake. Shirika linalotafuta zabuni nje ya nchi huenda likadaiwa cheti likitaka lisitake. Ninachokataa ni kuigeuza hali hiyo ya wachache kuwa sharti la kila mtu, mpaka shule ya sekondari, zahanati ya misheni au chama cha akiba na mikopo kiamini kwamba viwango ni vya wenye fedha.

Maarifa yenyewe hayana bei ya kutisha. Nakala ya ISO 15489 hununuliwa, ni kweli. Lakini mwaka 1999 asasi ya International Records Management Trust, iliyoanzishwa na Anne Thurston baada ya miaka mingi ya kazi katika masjala za Afrika, ilitoa mfululizo wa moduli za mafunzo ya kumbukumbu za serikali, na zinasomwa bure. Baraza la Kimataifa la Nyaraka lilitoa mwaka 2008 mwongozo wa bure kuhusu sifa za mifumo ya kielektroniki ya kumbukumbu, ambao baadaye ukawa kiwango cha ISO 16175. Miongozo ya hiari kabisa, basi, ndiyo iliyokuja kupanda na kuwa viwango.

Chukua SACCOS ya walimu yenye ofisi ya vyumba viwili, meneja, mhasibu na afisa mikopo. Haitapata kamwe fedha za kumlipa mtoa vyeti, na haihitaji. Inahitaji asubuhi moja. Mjumbe wa kamati ya usimamizi, asiye mtumishi wa ofisi, anachagua namba kumi za wanachama kwa kufumba macho kwenye daftari. Kwa kila namba anaomba mkopo wa mwisho: fomu ya maombi, sahihi za wadhamini, muhtasari wa kamati ya mikopo ulioidhinisha, hati ya malipo, na marejesho hadi leo. Anaandika kila moja imechukua muda gani kupatikana.

Atakayoyakuta nayajua kwa sehemu kubwa, kwa kuwa hujirudia. Fomu za maombi zitakuwepo karibu zote. Sahihi ya mdhamini itakuwepo, lakini bila tarehe, kwa hiyo haitajulikana kama alisaini kabla au baada ya fedha kutoka. Kuna mkopo wa dharura ambao wajumbe wa kamati waliukubali kwenye kundi la WhatsApp, kila mmoja akiweka alama ya dole gumba. Mwenyekiti aliyelianzisha kundi amebadilisha simu, na muhtasari haukuandikwa. Hapo mjumbe wetu ashike kalamu. Kiwango hakijali kama uamuzi uliandikwa kwa wino au kwa simu. Kinajali kama ushahidi wake umeingizwa mahali ambapo taasisi inaumiliki. Kanuni ya ndani inaandikika kwa sentensi moja: uamuzi wowote wa mkopo uliofanywa kwa ujumbe wa simu uchapishwe au unakiliwe, usainiwe na katibu, na uwekwe kwenye jalada la mwanachama ndani ya siku tatu, la sivyo mhasibu asitoe fedha. Fomu ya wadhamini iongezewe nafasi ya tarehe na jina la mtumishi aliyeshuhudia.

Kisha kuna hatua ambayo bila hiyo kujipima kwa hiari kunakuwa maneno ya ofisini. Matokeo yaandikwe kwenye karatasi moja, yasainiwe na meneja na mjumbe aliyepima, na yasomwe kwenye mkutano mkuu wa wanachama pamoja na taarifa ya fedha: mikopo kumi iliombwa, saba ilikuwa na nyaraka zote, miwili haikuwa na tarehe za wadhamini, mmoja hauna muhtasari wa kamati. Afisa mikopo amepewa hadi mwisho wa Machi kurekebisha inayorekebishika, na ule usio na muhtasari unarudishwa kwenye kamati ukajadiliwe upya, mkopaji akiwepo. Mwanachama aliyeketi nyuma ya ukumbi, ambaye alimdhamini mwenzake na hakumbuki siku, ana haki ya kusimama na kuuliza kama jina lake limo kwenye majalada ya ile mikopo miwili, na meneja anatakiwa aje na majalada hayo mkutanoni.